Fomu Chini ya Godoro

Kyuso, Jumatano

Na nikianguka je? Mwalimu wangu anasema naweza kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, nikiwa bado cha tatu, niende chuo mapema. Fomu inataka sahihi ya Mama kufikia Ijumaa. Nimeificha chini ya godoro.

Kemia yenyewe sijafundishwa hata nusu.

Leo shambani nilichuma ndengu bila kuangalia. Mama akamwaga karai langu, akaanza kuyatenga maganda yaliyokuwa bado mabichi.

"Haya yangengoja mchumo wa pili. Unakimbilia wapi?"

Nilikasirika kama ameiona fomu.

Jioni akazipukuchua zile mbichi, akazipika. Zilikuwa tamu kuliko ndengu zote nilizowahi kula. Hilo ndilo linaloniudhi, na fomu bado iko chini ya godoro.