Mguu Wako Haukurogwa

Akinyi, nyamera, dada yangu,

Hukurogwa. Naanza na hilo kwa sababu ulikufa ukiamini umerogwa, na hilo linaniuma kuliko kaburi lenyewe.

Mtoto wako yuko na Mama. Anatambaa, anauma kila kitu, hata kidole cha mchungaji. Hasira ni zako.

Unakumbuka mguu ulivyofura baada ya kujifungua? Mmoja tu, wa moto, ngozi inang'aa. Baba akasema, "Mguu haifuri bure. Kuna mtu ameweka kitu kwa njia." Sote tulijua anamsema mke wake mdogo, Mama Mdogo wetu, na ndiye pekee aliyesema upelekwe hospitali. Akaambiwa anyamaze, mchawi ndiye hujifanya ana huruma nyingi. Ukapelekwa Kisian kwa yule mama anayetoa vitu mwilini. Akakuchanja, akakukanda mguu, akakukanda mpaka ukapiga mayowe. Kisha ukasema kifua kinabana, na hukusema kingine tena.

Kwenye mazishi yako Baba alishika maikrofoni akamfukuza Mama Mdogo mbele ya watu, pamoja na binti yake Adhiambo, aliyekuwa akikusuka nywele kila Jumapili. Watu walipiga makofi. Halafu wakala wali.

Majuzi mguu wangu nao ukafura. Wewe ulishanyolewa, nami nikatia zangu maji: sikumwambia mtu nyumbani, nilitoka kwangu Migosi moja kwa moja hadi hospitali. Daktari alisema damu imeganda ndani ya mshipa, na mguu kama huo haukandwi, maana bonge likitoka huenda kuziba mapafu. Alisema damu ya kuganda ovyo hivi hurithiwa, na mimba na uzazi huichochea. Mama akapimwa, akaonekana hana. Basi imetoka kwa Baba. Nilipomwambia, alinitazama kama anavyotazama mbwa aliyeingia jikoni. "Damu ya hii boma ni safi," akasema. "Ukienda kwa wale watu, usirudi hapa."

Wale watu ni Mama Mdogo na Adhiambo. Wamepanga chumba Kondele. Adhiambo ni mtoto wa Baba kama sisi, na nasikia ana mimba. Hapokei simu zangu. Hata mimi nisingepokea.

Nakuchukia kidogo, Akinyi. Mama Mdogo alikuletea uji ukautemea mate. Ulitaka kuwa na adui, na Baba akakupa mmoja wa karibu. Na bado nakulilia, mjinga wewe, nakulilia hata nikifua nguo.

Kesho nakwenda Kondele. Wakinifungia mlango nitasema nikiwa nje, majirani wote wasikie damu yetu ilivyo. Boma nimeshaliaga.

Lala, nyamera. Siwezi kukuahidi kwamba nitamsamehe Baba. Nakuahidi kwamba Adhiambo hatajifungua bila kujua kilichokuua.

Dada yako,
Atieno