Malawi Iliyochimbuliwa Mapema

Kaka yangu Ambakisye,

Pokea salamu zangu kutoka huku Mombasa. Mama miguu inamsumbua bado? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Mimi uzima wangu ni wa kusimama tu. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, tena ukae peke yako.

Yale magunzi ya bangi uliyomtumia mume wangu Kombo yametuletea maafa. Aliyapeleka kwa mnunuzi wake hapa Mji wa Kale, mimi nikiwa naye, akajitapa kama unavyomjua: hii ni Malawi halisi, mbegu ya milima ya Nkhotakota, ile iliyowavuta Wazungu tangu zamani hadi wakaiita dhahabu. Haimlazi mtu, akasema, inamchangamsha, acheke na kupiga soga mpaka kuche. Yote kweli. Mnunuzi akachukua kisu, akapasua maganda ya mahindi yaliyofunga gunzi moja. Ndani kijani kibichi, na ukungu juu. Ilinuka mkojo.

"Hini ndiyo Malawi?" akauliza. "Watufanya wajinga, siyo?"

Kaka, ulikuwa na haraka ya nini? Mjomba alikufundisha mwenyewe: bangi ile hufungwa kwenye maganda, ikakazwa kwa kamba ya mgomba, ikafukiwa mpaka igeuke rangi ya asali na inukie kama tunda lililokauka. Wewe ukaichimbua mapema. Nina hasira nawe.

Mnunuzi na vijana wake walifunga mlango. Wakamlaza Kombo kifudifudi, mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akamponda vidole vya mkono wa kulia kwa nyundo, kimoja kimoja. Nilipopiga kelele nilichapwa kofi, jino likang'oka.

"Nani aloyafunga?" walimwuliza. "Sema, nani?"

Alilia kama mtoto, lakini hakukutaja.

Hospitalini wamemkata vidole vitatu. Nilidhani yameishia hapo, nikamwona shujaa. Kumbe alikuficha kwa sababu anakutaka yeye mwenyewe. Anashinda akinoa panga na kujifunza kulishika kwa mkono wa kushoto. Jana alikata mguu wa kiti kwa pigo moja, akanitazama.

"Mwambie kakako aje," akasema. "Mwambie mzigo ulipendwa sana, aje achukue chake."

Namwogopa, kaka. Simu yangu anayo yeye. Barua hii nampa dereva wa lori linaloondoka Makupa kuja huko Kyela. Ni mtu wa kwetu, mwamini.

Nisalimie mama, ila usimweleze chochote. Nisalimie mjomba aliyetulea, na wifi mwambie namkumbuka.

Jumapili nitakupigia simu, Kombo akiwa amesimama nyuma yangu na panga lake. Nitacheka, nitakubembeleza uje, nitakuapia kwa kaburi la baba kwamba huku mambo ni shwari. Ukikataa nitalia, na kilio kitakuwa cha kweli.

Usije.

Mdogo wako,
Atupele