Mlango wa Stoo

Jumatatu, 5 Februari 1996

Kurasa nne tena, zote takataka. Niliandikia hotelini, pale Adams Arcade, meza ya nyuma kabisa, mpaka chai ikapoa. Mchezo wa kompyuta aliotunga Jagdeep una jiji lililoangamia, mwanamke anayetafuta maji, na maadui. Hauna maneno. Kazi yangu ni kuutia maneno, uwe tamthilia ya televisheni. Nilikubali kwa mbwembwe. Sasa najuta.

Jumatano, 7 Februari

Leo nimeucheza, ofisini kwa Jagdeep, Westlands. Nikafa, nikaanza upya, nikafa. Katikati ya jiji kuna duka la vitambaa, na ndani yake mlango wa stoo. Nyuma ya mlango mtu anapumua. Nikagonga, nikapiga teke, nikabonyeza kila kitufe. Wapi. Nilimuuliza Jagdeep kuna nini humo. Akasema kila mchezaji huuliza hivyo, akaenda kuchemsha chai. Ameutunga mwenyewe na hasemi. Ananiudhi.

Ijumaa, 9 Februari

Wafula, mtayarishaji wetu, anataka mlango uvunjwe, la sivyo atatafuta mwandishi mwingine. Watazamaji hawawezi kuonyeshwa mlango kisha wanyimwe kilichomo. Nimeandika unavunjwa kwa nondo. Ndani nimeweka maiti. Jagdeep alisoma, akanirudishia kurasa. Alishauza haki za mchezo, hawezi kuzuia. Niliona aibu, lakini sikufuta.

Jumapili, 11 Februari

Tumepiga picha za tamthilia mjini, dukani kwa mama yake Jagdeep, maana Jumapili mtaa ule hauna watu. Mama alitupokea kwa chai na bhajia. Hakuna aliyemweleza tumekuja kufanya nini. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia. Waigizaji walipoanza kupiga mlango wa mbele kwa nondo wakipiga mayowe, alikimbilia stoo akajifungia.

Tuligonga. Tulibembeleza. Hakufungua. Wafula akaagiza nondo iletwe. Nondo ya kweli, mlango wa kweli. Jagdeep akasimama mbele ya mlango.

"Eighty-two, siku ile ya mapinduzi, watu walikuja kuiba hivi tu," alisema. "Mimi na yeye tulikuwa huko ndani. Ketini chini, nyinyi wote. Mtu asigonge."

Tukaketi sakafuni. Taa za kamera zikazimwa. Nilimkumbuka kaka yangu, aliyerudi mtaani kwetu, Satellite, siku ile na redio mpya. Nilikuwa mtoto, nilicheza dansi. Leo nilijiuliza ilitoka duka la nani.

Baada ya muda mrefu komeo lilisogea. Mama akatoka, akatutazama tulivyokaa, akauliza kama chai imepoa.

Jumatatu, 12 Februari

Wafula anataka turudie, duka jingine. Nimekataa. Nadhani nimefukuzwa. Hakusema waziwazi.

Jumanne, 13 Februari

Nilienda Westlands kuchukua koti langu. Jagdeep alikuwa na mteja. Nikawasha mchezo, nikamfikisha yule mwanamke kwenye mlango wa stoo. Nikaondoa mikono kwenye vitufe, nikaiweka mapajani.

Muda ulipita. Yule mwanamke akaketi chini, mwenyewe, bila mimi kumwambia.

Mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na mama na mtoto wa kiume, na ndoo ya maji. Wakamchotea kikombe.

Nimeandika hivyo hivyo, hakuna nondo. Kesho nampelekea Wafula. Koti nimelisahau tena.