Kompyuta Iliyofundishwa Kuuliza

Mbinga Mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, mgongo umepata nafuu, na mihogo imekauka kabla ya mvua? Mimi ni mzima, ila nilipita katika hofu kubwa, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Unajua kampuni yetu ya kununua kahawa inagawa miche, na mimi bado nipo kwenye miezi ya majaribio. Nilikuwa nimeingiza kwenye kompyuta majina ya wakulima wote wa kijiji cha Matiri. Akaingia mzee Gaudensi, kiongozi wao. Nikapiga goti kumsalimia, kama ulivyonilea, na mkono ukaegemea vitufe. Kitufe cha kufuta kiko ubavuni mwa kile cha kuhifadhi. Nilipoinuka, kioo kilikuwa kitupu.

Nilitamani kusema jenereta ilizimika. Lakini nikamwambia meneja ukweli. Akasema, "Asiye kwenye orodha hapati mche. Majina yasiporudi kufikia Ijumaa, na wewe usirudi."

Nikapanda lori hadi Matiri. Siku tatu mzee Gaudensi alinizungusha nyumba kwa nyumba, akinitania kila mlangoni: "Msalimieni binti wa ziwani, lakini msimwache apige goti, atafuta kijiji!" Alhamisi jioni majina yote yalikuwa kwenye daftari langu.

Kesho yake asubuhi nikayaingiza tena kwenye kompyuta, na mchana akaja fundi aliyetengeneza programu ile. Akasema, "Mashine hufanya inachoamriwa." Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia, "Kwetu dawa ya kuua wadudu wa mahindi haikai karibu na unga. Mama ameiweka juu darini, na hata ukiifikia atakuuliza unaipeleka wapi."

"Mashine yako haikuniuliza," nikamaliza.

Fundi akavuta kiti. "Ungetaka ikuulize nini?"

Kitufe hakukihamisha, alisema ni kazi kubwa. Ila sasa ukikigusa, kioo huandika kwa Kiswahili: Nifute majina yote? Ndiyo au Hapana.

Jana mzee Gaudensi alikuja kuchukua miche. Nikapiga goti, mkono ukaegemea palepale. Swali likatokea. Sikulijibu, Mama. Nilisubiri kwanza mzee aitikie marahaba, ndipo nikainuka, nikabonyeza Hapana.

Nisalimie baba mdogo na nyavu zake, shangazi wa Mbaha, na mdogo wangu Stela; mwambie asiache shule.

Mwanao, ambaye bado ana kazi,
Agnesi