Swali la Kabla ya Upasuaji

Dada yangu mpenzi,

Salamu zikufikie hapo nyumbani ukiwa mzima, wewe, shemeji na wanao wote. Goti linaendeleaje? Najua utasema limepona hata kama bado unapanda ngazi umeshika ukuta, maana wewe na hospitali hampikiki chungu kimoja. Mimi mwili upo, moyo ndio haujatulia.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza, na wewe ukinikatiza mimi hunywea. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Niko wodi ya wanawake, na kesho asubuhi wananipasua shingo kuutoa ule uvimbe. Unakumbuka nilikuambia ni kitu kidogo. Nilikudanganya, dada. Aliyeugundua ni Vifungo, yule mwenzangu wa karakana anayeshona vifungo vya sare za shule. Siku moja alinitazama kola ikinibana, akanizungushia futi ya kupimia shingoni bila hata kuniomba ruhusa, kisha akatangaza mbele ya mafundi wote kwamba kwa saizi hiyo ningeshonewa shati la mwalimu mkuu. Nilicheka mpaka nikapaliwa, na kupaliwa kwenyewe hakukuisha haraka. Ndipo akanikokota kwa daktari. Daktari alisema uvimbe unakandamiza njia ya hewa, na nikiendelea kuuchekea utanifungia pumzi siku nisiyoijua.

Sasa nije kwenye zile mara mbili nilizorudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Wewe uliamini ni uzembe wao, ukapiga simu mapokezi ukawaambia hawana haya wala huruma. Masikini, yule binti wa mapokezi mpaka leo akiniona anainamisha kichwa. Dada, hawakuwa na kosa lolote. Mgonjwa wa kupasuliwa hatakiwi kula wala kunywa tangu saa sita usiku, na asubuhi kabla hajapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu muuguzi humuuliza kama ametia chochote tumboni. Mara ya kwanza nilijibu kwamba nimekula mkate, nami sikuwa nimekula hata punje. Akalikata jina langu kwenye orodha. Mara ya pili nilijifungia chooni nikala biskuti mbili kwa haraka, ili angalau nisiwe mwongo. Muuguzi aliniona makombo kifuani, akaniuliza kama mimi ni mtoto mdogo.

Usidhani naogopa kisu. Ninachoogopa ni lile swali.

Tangu mama atutoke, miaka kumi na moja sasa, nikinywa kitu cha moto nasikia mtu mwingine anameza nyuma yangu. Simwoni. Nasikia tu koo likipokea, taratibu, kama la mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Karakanani kelele za vyerehani humfunika, lakini nikiwa peke yangu nyumbani chai hainipiti. Shingo ilipoanza kuvimba sikushtuka hata kidogo. Nilijiambia kwamba kile kilichokwama huko kimechoka kujificha.

Niliomba, dada. Niliomba mpaka magoti yakachubuka, lakini kila nikifika mahali pa kusema nisamehe, maneno yanagoma. Jana Vifungo alikuja kuniona, akaketi ukingoni mwa kitanda na uzi bado umemning'inia kwenye sweta. Nilitegemea ataniombea upasuaji uende salama. Badala yake alinishika mkono akamwambia Mungu kwamba huyu mtu wako ana jambo, mfungue mdomo kabla hawajamfungua shingo. Kisha akasema amina na kuniuliza kama hiyo chupa ya maji ni ya bure. Sijui alijuaje. Nilianza kulia, na sikunyamaza mpaka alipoingia daktari wa usingizi kunieleza mambo ya leo na kesho.

Huyo daktari ni mtu mzima, mpole, anaongea kama ana muda wote duniani. Nilimuuliza kwa nini wanakazania sana tumbo tupu. Akanieleza kwamba mtu akilazwa usingizi ule, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na mgonjwa asiweze hata kukohoa.

Dada, keti kama umesimama.

Asubuhi ile ya upasuaji wa mama, wewe ukiwa bado safarini, mimi ndiye niliyekuwa naye. Aliniambia koo limemkauka, kwamba hawezi kwenda kufa na kiu kana kwamba hana watoto. Nilimkumbusha katazo. Akanitazama tu. Unajua mama alivyokuwa akitazama. Nilikwenda nikamletea kikombe kizima cha chai ya maziwa na mkate wa kuchovya, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza, nikamfuta mdomo kwa khanga yangu. Muuguzi alipokuja kumuuliza kama amekula, mama alinigeukia mimi. Nami nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba hajala kitu.

Hakutoka kwenye chumba cha upasuaji akiwa hai.

Nilimsimulia daktari wa usingizi yote. Akasema huenda ni chai, huenda ni moyo wake uliokuwa umechoka, hakuna anayeweza kuapa. Sitaki kujificha ndani ya hiyo huenda. Wewe unakumbuka yule daktari kijana aliyempasua mama, aliyekuja msibani, kofia mkononi, kutupa pole. Ulimwita muuaji mbele ya waombolezaji, ukamfukuza mpaka barabarani ukiwa bila viatu, na yeye hakujitetea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya glasi. Nilimwona akigeuka kututazama, nikanyamaza. Na kwa ajili ya kimya changu ukaapa hutakanyaga hospitali, ukalitesa goti lako, ukatukataza sote. Nilikuacha umchukie mtu asiye na hatia kwa miaka kumi na moja kwa sababu niliogopa ungenichukia mimi.

Kesho muuguzi akiniuliza, nitamjibu ukweli. Naogopa bado, nisikufiche. Lakini jana baada ya kusema yote nililala, na leo nimeomba mpaka mwisho bila kukwama.

Vifungo alitaka akuletee barua hii kesho, nikiwa nimeshaingia, ili hasira zako zisinikute. Nimemkatalia. Namtuma sasa hivi, mchana huu, kwa kuwa sitaki kujificha nyuma ya dawa ya usingizi. Wagonjwa hutazamwa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kama utaniombea, nitashukuru. Kama utakuja kunigombeza, njoo leo, nikiwa macho.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu, hasa yule mtundu wa mwisho.

Ni mimi mdogo wako, niliyemshikia mama kikombe.