Hali ya Ramadhani Inaulizwa kwa Jenoveva

Lukozi, Lushoto,
19 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii, anayokuletea Zainabu anayesafiri kuja huko, itakukuta mzima na kazi za hapo Maskati hazijakuzidi. Joto la huko tunalisikia kwenye taarifa. Huku ni ukungu hadi saa nne asubuhi. Wifi yako Asha anakohoa, lakini shughuli zake anafanya. Mimi nipo. Nimechoka, ila nipo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi hukatisha maneno, na una haki ya kuyapata yote. Miaka thelathini na moja ya kuandikia magazeti imenifundisha kwamba habari nusu huumiza kuliko habari mbaya.

Mwanao Ramadhani aliumia Jumamosi tarehe 13 Julai, dakika ya sitini na nane ya mechi, akiwa golini. Aliruka kuupiga ngumi mpira wa kona, akagongana kichwa na beki wake mwenyewe. Alilala chini kama dakika moja. Wakammwagia maji, wakamsimamisha, watu wakampigia makofi kwa ushujaa, akarudi golini. Muda mfupi baadaye alikuwa amesimama akiutazama wavu wake, mchezo kaupa mgongo. Tulicheka. Na mimi nilicheka. Kwenye daftari langu niliandika: "Kipa amechoka."

Aliyeelewa ni Benjamini, mtoto wa Jenoveva, jirani yetu wa chini ya barabara. Yeye alipigwa goti kichwani miaka minne iliyopita, uwanja huohuo. Aliingia bila ruhusa ya refa, akamshika Ramadhani mkono, akamtoa.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Damu ilivuja kidogo ndani, haikuhitaji kupasuliwa. Daktari alisema matumaini ya kupona ni makubwa, ila itachukua miezi, na dawa yake ni utulivu: asisumbuliwe na kelele, mwanga mkali wala maswali mengi. Mpira asiuguse. Kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, anaweza kutupotea.

Tulipomrudisha nyumbani ndipo tulipokosea. Unajua kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Siku ya kwanza walikuja watu arobaini na watatu, niliwahesabu. Kila mmoja alimwinamia: "Rama, mimi nani?" Akipatia wanashangilia, akikosea wanalia, na anayefuata anaanza upya. Jioni alitapika. Akajifunika blanketi usoni, akaniuliza, "Mjomba, huu mtihani utaisha lini?"

Kuwafukuza wageni hatukuweza. Aliyetuokoa ni Jenoveva. Kesho yake alitoa benchi barazani kwake, pale njia ya kupandia kwetu inapoanzia, akabandika sufuria ya uji na kumzuia kila apitaye. Hali inaulizwa pale, dua inaombwa palepale, mtu anarudi alikotoka. Mzee Saidi alikasirika sana. "Tangu lini mgonjwa wa Kiislamu akajuliwa hali kwa Mlutheri?"

"Tangu asubuhi, baba. Kaa, uji unapoa."

Alikaa. Siku hizi huja hata akiwa hana la kuuliza.

Benjamini na wenzake wamepalilia pia karoti za Ramadhani kwa kiwili, ile zamu yetu ya kusaidiana mashamba. Nami nimekumbuka tulichomfanyia Benjamini alipoumia: tulijazana chumbani kwake, tukamuuliza, "Sisi nani?" Nilimwomba Jenoveva radhi. Alinitazama kidogo, akasema nimpishe, anakoroga uji.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya simu ya picha nawe ulimuuliza, "Mimi nani, mwanangu?" Akakuita shangazi. Ukakata. Leo ni siku ya kumi na moja hujapiga. Sikulaumu, lakini usidhani amekusahau. Kioo kidogo, mwanga unamchoma macho, swali lilelile la wale arobaini na watatu: alibahatisha, akakosea, na akajua amekosea. Tangu hapo kila ikifika saa kumi, saa yako ya kupiga, hukaa kwenye gogo nje ya jiko, simu ya Asha mapajani. Ananiuliza, "Mama kakasirika?" Namwambia hapana. Baada ya muda ananiuliza tena. Jibu langu analisahau. Swali halisahau.

Kuvunja mkataba na kurudi ni uamuzi wako. Kama ni kumuuguza, tupo, na Jenoveva yupo. Lakini hilo la saa kumi hakuna wa kukushikia zamu.

Asha anakusalimu na anasema kitenge ulichomtumia kimefika. Benjamini anakusalimu. Jenoveva anasema anakuombea, kwa sala zake, na Mzee Saidi anasema yeye pia, kwa zake. Mwenyezi Mungu akulinde hapo ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Ukimaliza kusoma, piga. Bila picha. Usimuulize kitu. Sema tu, "Rama, ni mimi mama yako, Mwanahamisi," kisha umwache aongee.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Amiri