Jogoo wa mukwe alilala chumbani mwangu

Kasongo, Jumatano. Mvua inapiga bati tangu asubuhi, barabara yote iko potopoto, na roho yangu iko nzito kidogo. Kidogo tu. Mimi si mutu wa kulilia kuku.

Hapa mutaani wote wanajua: kwa kuku, hakuna wa kunishinda. Ndiyo maana yule mama dokta wa mifugo, anayechunguza ugonjwa wa kupinda shingo, alianzia kwangu. Watu wanasema ni kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukitoka sokoni. Wivu!

Kila kuku alimutoa damu kidogo kwenye ubawa, akamutia tone la chanjo ndani ya jicho. Akasema atarudi kupima kama damu imejifunza kupigana. "Mpaka hapo, Mzee, kuku wa nje asiingie kiwanjani."

Nikamujibu kuku zangu zinakunywa maji ya pilipili, zilishajifunza zamani. Akacheka. Sikupenda kile kicheko.

Haya. Jumapili mukwe wangu, bwana ya binti yangu, akafika na pikipiki kutoka Salamabila. Kwenye usukani ananing'inia jogoo mwekundu, kichwa chini. Zawadi yangu.

Kukataa kuku ya mukwe ni kumutukana mbele ya watu. Kumuachia katikati ya kuku zangu, na damu yao bado iko masomoni? Nilisimama mudomo wazi. Mimi!

Halafu akili yangu, ambayo ni kubwa, ikafanya kazi. Nikapaza sauti majirani wasikie: "Jogoo ya mukwe hawezi kulala ovyo. Atalala chumbani mwangu!"

Mukwe alitaka kulia kwa furaha. Muke wangu pia alitaka kulia.

"Baba Furaha, chagua: mimi ao yeye."

"Hii ni heshima ya mukwe."

"Basi hiyo heshima ikufulie mashuka." Akahamia jikoni.

Mukwe alirudi kwake Jumatatu, kifua mbele. Jana jogoo akakataa mupunga, shingo ikageuka kama anatafuta kitu nyuma yake. Leo asubuhi nimemukuta amekufa. Nimemuzika mbali, shimo la kunifika kiunoni, nikanawa, nikaosha mpaka viatu. Kuku zangu zinachakura chini ya paa, hazina habari.

Halafu simu ikalia.

"Baba mukwe, jogoo anaendeleaje? Huku kila mutu namuambia analala na wewe!"

Ningesema yuko muzima. Neno lilishafika kwenye ulimi. Lakini ugonjwa ulitoka kule, na binti yangu, kuku zake ndizo chumvi na sabuni ya nyumba.

"Amekufa, mwanangu. Shingo ilipinda. Mama dokta wa mifugo alikataza kuku wa nje, nikamufungia ndani sababu niliogopa ataua zangu. Zako usiuze, usimupe mutu hata moja. Zenye kusinzia, tenga."

Nikajua nimepoteza mukwe.

"Kumbe ulimufunga! Mimi nilifikiri ni heshima!"

"Vyote viwili."

Akashusha sauti: "Mbili zinasinzia tangu jana. Huyo mama dokta anaweza kufika huku?"

Kesho nitamuomba twende wote: yeye abebe dawa, mimi nieleze. Mutu wa kueleza lazima awe na ujuzi.

Na kama tutakuta binti yangu amebakiwa na kuku, hata moja, siku hiyo sitajisifu.

Labda kidogo.